Wasifu wa Uongo Niliousoma Kaburini Kwako

Lomayani,

Sopai. Ulikuwa unacheka jinsi ninavyoitamka, ukisema Mchaga akisalimia Kiarusha ni kama mtu aliyepaliwa na ugali. Basi cheka sasa, maana baada ya hapa sina cha kukuchekesha.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, hapa hapa Kaloleni, kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nina neno zito na sijui nilizungushe vipi, kwa hiyo nalitupa lilivyo. Mdogo wako Mesiaki ana uvimbe. Uko upande wa kushoto, nyuma ya chuchu, pale pale ulipoanzia wako. Anasema dume alimgonga kwa pembe walipokuwa wanaogesha mifugo kwenye josho. Anaukanda kwa maji ya moto na mafuta ya kondoo. Tena anawaonyesha wenzake akicheka, eti na yeye sasa amepata alama ya kaka yake.

Umesikia? Alama ya kaka yake.

Aliyenipigia simu ni mkeo. Unamjua Mama Lazaro, hana mzunguko. Alisema, "Baba Aika, wewe ndiye uliyesoma mbele za watu. Wewe ndiye wa kuja kufuta." Akakata. Nimeshika mkasi tangu asubuhi na sijakata hata sentimita moja. Mteja amekuja kuchukua sketi ya shule ya mwanawe, nimemwambia arudi kesho, akanijibu kwamba hata jana nilimwambia hivyo hivyo.

Nilikuahidi, najua. Ulinishika mkono nikakuahidi kwamba hakuna mtu wa Oldonyo Sambu atakayejua kilichokuua. Kwa hiyo kabla sijapanda kwenda kwenu kuivunja ile ahadi, nimeona haki ni kukuambia wewe kwanza. Sikuombi ruhusa. Au labda nakuomba, sijui. Nikiwa na wewe sikuwahi kujua tofauti ya kuomba na kubishana.

Hivi unakumbuka siku tuliyojuana? Mimi huwa naikumbuka nikicheka peke yangu mpaka wateja wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Lile benchi la kliniki, mlangoni picha ya mama amejishika kifuani, wanawake wamejipanga na khanga zao na kadi zao. Wanaume tulikuwa wawili tu. Nikaja kukaa karibu yako, maana mwanaume akimwona mwenzake mahali kama pale anamkimbilia. Ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya kuitia ng'ombe, nimemleta nani. Nikasema mke wangu, yuko ndani. Nikakuuliza na wewe. Ukasema wako naye yuko ndani. Tukapeana pole. Tukakaa karibu saa mbili tukizungumza habari za wake zetu wagonjwa, wewe ukinisimulia wako alivyo mvumilivu, mimi nikikueleza wangu asivyopata usingizi. Mama Aika wakati huo yuko sokoni anauza ndizi, mzima wa afya, anagombana na wachuuzi.

Kisha nesi akatoka na faili akaita jina lako, majina yote matatu, mbele ya wale kina mama. Ukainuka. Hukunitazama. Baadaye akaita la kwangu, na mlangoni tukapishana, wewe unafunga vifungo vya shati. Ulisema neno moja tu, bila kutabasamu: "Mkeo anakusalimia."

Mungu wangu, yale maneno. Niliingia kwa daktari nacheka na machozi yananitoka, daktari akadhani nimepata mshtuko.

Na ile fomu je? Imeuliza tarehe ya mwisho ya kuona siku zako. Imeuliza watoto uliowanyonyesha ni wangapi. Yule nesi binti aliona aibu kuliko sisi, akawa anapiga mstari kila mahali. Mimi nilitazama ukuta. Wewe ulimwambia aandike ukweli, kwamba watoto hujanyonyesha lakini wana wa mbuzi uliowanyonyesha kwa chupa hawana idadi. Nilikupenda kwa hilo. Sikuwahi kukuambia kwa mdomo, wanaume wa umri wetu hawaambiani hivyo, lakini nilikupenda kwa hilo.

Baada ya kukatwa ulikuja hapa kibandani. Hukutaka pole, ulitaka shati. Ulisema upande umebonyea, na upepo wa kwenu unaligandisha shati kifuani, watu wataona. Nikakuonyesha langu. Nilikuwa nimeshajishonea: mfuko wa kushoto mpana, wa tabaka mbili, ndani nimetia kile kitambaa kigumu tunachoweka kwenye kola, na nyuma yake kipande chembamba cha sponji. Ukilivaa, pande mbili ziko sawa hata ukisimama kwenye jua la ubavuni. Nikakushonea matano ya namna ile. Nilijivuna, Lomayani. Nimeshona suti za maharusi na majoho ya kwaya, lakini kazi niliyoifanya kwa ufundi wangu wote ni ile mifuko ya kuwadanganyia watu. Wateja wa hapa niliwaambia nilipasuliwa jipu.

Shati lilitosha barabarani na kanisani. Kwa rika lako halikutosha. Nyinyi mnakwenda pamoja porini kula nyama siku nzima, mnavua, mnaoga mtoni, mnajuana makovu kama mnavyojua alama za ng'ombe wenu. Ukaona utakwama, ndipo ukamtwisha mzigo yule dume mwekundu. Ulisema alikuchoma pembe ukitenganisha mifugo, na hospitali wakalazimika kuikata nyama iliyooza. Wakakuamini papo hapo. Kovu lilikuwa refu na baya, na dume mwenyewe alikuwa mkorofi. Wakakuimba. Laigwanani, kiongozi wa rika lenu, mzee Ngoilenya, akasimama mbele ya wenzake wote akakuita shujaa. Ulinisimulia haya umekaa kwenye stuli ya wateja, nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Wewe hukucheka. Ulikuwa unachokonoa ncha ya fimbo yako, ukaniuliza kama sponji lile linaoshwa au linabadilishwa.

Halafu ikaja ile siku ya fulana.

Mama Neema, yule mwalimu mstaafu wa Tengeru anayeongoza kikundi cha wagonjwa, alituita "kaka zangu" tangu siku ya kwanza na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aligawa fulana za pinki kwa ajili ya matembezi. Mbele imeandikwa SHUJAA, mgongoni MANUSURA WA SARATANI YA MATITI. Kina mama wakazivaa pale pale, wakapiga vigelegele, wakakumbatiana. Niliwaonea wivu. Wao lile neno liliwakaa vizuri, labda kwa sababu walikuwa na la kusema na wa kumwambia. Sisi tulisimama na fulana zimekunjwa mkononi. Mpiga picha akasema wanaume wapite mbele, ni jambo zuri, jamii ijifunze. Ukamrudishia Mama Neema fulana yake kwa heshima zote, ukamwambia, "Dada, nyumbani naitwa shujaa kwa kitu ambacho sikufanya. Huku mnaniita shujaa kwa kitu nilichofanyiwa. Niiteni Lomayani tu."

Mimi niliichukua yangu. Sikuwa na ubavu wako. Nikaenda nayo nyumbani, nikaivaa chumbani, nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Nitakuambia ukweli ambao nilikuficha: siku mbili tatu lile neno nililipenda. Manusura. Nililitamka polepole kama mtu anayejaribu kiatu kipya dukani. Kisha yule dada wa Usa, mwenzetu wa kikundi, aliyekuwa anatuletea chapati, akafariki, na wewe ukaniuliza swali lako tukiwa tumetoka kumzika. "Sasa yeye hakuwa shujaa? Alishindwa nini ambacho wewe umeweza?" Nilikuwa ninameza vidonge, kama alivyokuwa anameza yeye. Nilikuwa nakwenda kliniki, kama alivyokuwa anakwenda yeye. Ukaendelea, maana ukianza kusema ulikuwa husimami: "Manusura ni mtu aliyetoka kwenye gari lililopinduka, amesimama kando ya barabara anajipangusa vumbi. Mimi bado nimo ndani ya gari, Mchaga. Na sioni dereva."

Nilikukasirikia siku ile. Nilisema unatuharibia moyo. Nilisema hata kama ni uongo, mtu anahitaji kitu cha kushika. Ukasema sawa, shika. Tukarudi mjini bila kusemezana, nikashuka Kaloleni hata sikukuaga. Kumbe nilikuwa nakasirika kwa sababu ulisema lililokuwa moyoni mwangu. Nani alituuliza sisi tunataka kuitwa nini? Wenzetu wa mtaani wangesikia tungeitwa wanawake. Hospitali tukaitwa mashujaa. Hakuna aliyetuita wagonjwa, nasi tulikuwa wagonjwa, basi.

Na vile vidonge! Vile vya kila siku, vilivyotuletea joto la ghafla kama kina mama wa makamo. Nakumbuka tukiwa hapa, mwezi wa saba, baridi ya Arusha imekamata kila mtu kwa makoti, wewe unavua shuka unajipepea na kipande cha mchoro wangu wa kaptula. Mteja akauliza una nini. Ukamjibu una moto wa Roho Mtakatifu. Yule mama akasema amina.

Mambo mengine ya vile vidonge, ya chumbani, tuliyasema mara moja tu, kwa maneno machache, tukitazama barabarani. Ulisema Mama Lazaro hajalalamika, na hilo ndilo linalokuumiza. Nikasema na wangu hajalalamika. Hatukulirudia tena.

Saratani ilipokurudia kwenye uti wa mgongo tulijua wote wawili. Ulibaki nusu ya mtu. Nilikuja nikakukuta umelazwa kwenye ngozi nje ya nyumba, kwa sababu ulitaka kuuona mlima, na kutoka kwenu mlima unaonekana kwa mgongo wake mkavu. Ulinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo. Ukasema, "Utasoma wewe. Unajua kuandika. Ukifika kwenye ugonjwa, sema dume." Nikasema sawa. Ukasema, "Apia." Nikaapa. Nani angemkatalia mtu katika hali ile? Ningekukataliaje mimi, niliyekushonea mashati matano ya uongo kwa mkono wangu mwenyewe?

Sasa nikueleze mazishi yako, maana hukuyaona.

Watu walikuwa wengi. Kwaya zilikuwa mbili na hazikuelewana sauti, ungekereka. Mchungaji akaita wasifu wa marehemu. Nikasimama kando ya jeneza na karatasi yangu, nimevaa shati la mfuko. Nikasoma ulipozaliwa, ulipobatizwa, ulivyooa, watoto wako, miaka uliyokuwa mzee wa usharika. Kisha nikafika pale. Nikasoma: "Marehemu alijeruhiwa na dume akilinda mifugo ya ukoo, na jeraha hilo alilivumilia kwa ushujaa mkubwa hadi Bwana alipomwita." Kwa ushujaa mkubwa. Hilo hukuniagiza, niliongeza mwenyewe. Wakaitikia wote. Mkeo alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona mabega yake yakikataa. Mesiaki alikuwa mbele yangu kabisa, ameshika sepetu, ananitazama kama mtu anayesikiliza Injili.

Baada ya maziko, rika lako wakasema haiwezekani aliyemuua mwenzao aendelee kula majani. Wakamleta yule dume mwekundu. Akachinjwa pale pale, msiba wako ukalishwa kwa nyama yake. Mimi nilipewa sehemu ya heshima, msomaji wa wasifu. Nikaila, Lomayani. Nilitafuna mnyama asiye na kosa mbele ya watu waliokuwa wananishukuru kwa maneno mazuri, na ilikuwa ngumu, na nikameza.

Tangu uondoke, habari zangu ni chache. Bado nimo. Vidonge naendelea. Mama Neema bado ananiita mbele kila mkutano, "huyu ndiye manusura wetu mwanaume," na sasa nasimama peke yangu kwenye ile picha. Stuli yako anakalia kila mtu. Kuna siku nilimtimua mteja kwenye ile stuli bila sababu, Mama Aika akanifokea nikastahili. Ndizi machalari zikipikwa nakukumbuka, jinsi ulivyokuwa unasema ni chakula cha mtu asiye na meno, halafu unaongeza bakuli la pili.

Naishia hapa kwa leo. Kesho napanda kwenu.

*

Nimerudi kwenye karatasi hii. Zimepita siku tisa. Sikuweza mapema zaidi.

Nilifika bomani kwako saa nne hivi. Nilimkuta Mesiaki nje ya zizi na mzee Ngoilenya na wengine wawili wa rika lako, wamekaa kwenye vigoda. Mama Lazaro akaniletea kibuyu cha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, akasimama mlangoni, hakuingia ndani wala hakuja karibu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Nilipofungua mdomo ikapotea yote. Nikakiweka kibuyu chini, nikafungua shati.

Sijawahi kuvua shati mbele ya mwanaume tangu nikatwe, isipokuwa daktari na wewe. Upepo wa kwenu nao, hauna adabu. Mmoja akacheka kidogo, akidhani Mchaga amelewa. Ngoilenya akainuka, akaja, akapitisha kidole kwenye kovu langu kutoka mwanzo hadi mwisho, vile anavyokagua ng'ombe anayetaka kumnunua. Akauliza, "Hili la kwako ni dume gani?"

Nikasema hakuna dume. Nikasema ni kansa ya titi. Nililitaja lile neno, titi, kwa sauti, kwenye boma la wanaume. Nikasema hata kwa Lomayani hapakuwa na dume. Tulikaa benchi moja, tukakatwa na daktari mmoja, na kilichomuua ni hicho. Nikasema na ule uvimbe wa Mesiaki hautaki mafuta ya kondoo, unataka hospitali, tena haraka.

Nikaanza kufunga vifungo, na nikavifunga vibaya. Ngoilenya alirudi kwenye kigoda chake. Akasema, si kwangu, kama anasema na ardhi, "Kwa hiyo yule dume tulimchinja kwa kosa gani?" Nilitazama mlangoni, nikaona mkeo amejifunika uso kwa shuka na analia, analia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi.

Mesiaki hakupiga kelele. Ningependa angenipiga hata na fimbo. Aliniuliza jambo moja. "Siku ile unasoma, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua.

Akasema, "Mimi niliushika mara ya kwanza wiki ile ile ya msiba. Ulikuwa kama punje ya maharage. Nilikuwa naogopa, nilitaka kumwambia mtu. Kisha nikakusikia unasoma, nikasema kumbe ni mambo ya pembe tu." Akachukua fimbo yake akafuata mbuzi. Nilingoja hadi jua likapinda. Hakurudi nikiwepo.

Lomayani, ile punje ya maharage sasa ni kama limau. Hiyo tofauti, kutoka maharage hadi limau, ni ya kwangu. Usiniambie ni yako. Wewe ulikuwa unakufa, na mtu anayekufa anaruhusiwa kuogopa. Mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili na karatasi mkononi, mkunga wa uongo wako, nikaona utamu wa kusoma vizuri mbele za watu. Nilimwangalia mdogo wako usoni nikasoma.

Siku ya tatu akatokea hapa Kaloleni. Hakunisalimia. Alisema, "Twende." Nikafunga kibanda, sindano ikabaki ndani ya kitambaa.

Benchi ni lile lile. Picha mlangoni ni ile ile, imefifia kidogo. Tulikaa, mimi na yeye, mabega yanakaribia kugusana lakini hayagusani. Mama mmoja, mtu wa huruma tu, akamgeukia akamuuliza, "Pole baba, umemleta mama?" Niliuma meno. Nilijua linalokuja, maana nililisema mimi na ulilisema wewe, kwa sauti ile ile anayo yeye. Mesiaki akatazama sakafu kidogo. Akasema, "Hapana. Mgonjwa ni mimi." Yule mama akasogea, akampa nafasi akae vizuri.

Aliweza kwa siku moja, mbele ya foleni nzima, jambo ambalo wewe na mimi hatukuliweza mpaka ukazikwa.

Nesi wa sasa ni mwingine, ananifahamu kwa zile picha za Mama Neema. Akatoka na faili akaniona, akafurahi, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Ee, shujaa wetu! Leo umetuletea ndugu?" Mesiaki akainuka kwenda ndani. Alipompita akamwambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayesahihisha jina lililokosewa, "Huyu si shujaa. Huyu alijua."

Nesi alinitazama nikatazama kadi yangu.

Daktari alichukua kipimo kwa sindano, majibu bado. Lakini alimpapasa kwapani mara mbili, na mara ya pili akakaa muda, na wewe na mimi tunajua maana yake, kwamba umeshaanza kusambaa. Mesiaki naye aliijua kwa kumtazama yule daktari usoni. Tulirudi hadi hapa kibandani, akakaa kwenye stuli yako bila kujua ni yako. Nikampa chai. Akanywa. Akauliza kama kukatwa kunauma. Nikamwambia kunauma, na baadaye mkono hauinuki kwa wiki kadhaa, na kuna joto, na kuna mambo ya chumbani, nikamwambia yote, hata lile tulilolisema mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Hajanisamehe na sijamwomba.

Basi, rafiki yangu, nakuaga. Nimevunja kiapo chako, nawe kama umekasirika, kasirika, nitayakuta huko nitakapokuja, na sidhani kama ni mbali sana. Lakini kabla sijaja nina ya kufanya. Siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi lako inakaribia, na nimemwomba mchungaji nisome wasifu upya. Mama Lazaro amekubali, Ngoilenya amesema atakuwepo. Nitasoma kwamba Lomayani alikufa kwa kansa ya titi. Nitasoma kwamba aliogopa, kama ninavyoogopa mimi, na kwamba dume hakuwa na kosa. Ushujaa sitautaja kabisa, ulikataa ile fulana nami nimekuelewa.

Na kila tarehe ya kliniki ya Mesiaki nitakuwa pale benchini, anisemeshe asinisemeshe. Akishakatwa nitamshonea shati. Nimeshampima mabega kwa macho, mapana kama yako. Halitakuwa na mfuko.

Olesere, Lomayani.

Fundi wako,
Eliufoo